Kuweka injini ya dizeli katika gari la zamani: kazi, faida na hatari zake

Gari la zamani la petroli linapoanza kumeza mafuta kuliko kipato linacholeta, mwenye gari hubakiwa na njia tatu. Anaweza kuliuza kama chuma chakavu, kuifanyia injini yake matengenezo makubwa, au kuing'oa na kufunga injini ya dizeli iliyotolewa katika gari jingine. Njia ya tatu inafahamika sana katika gereji za Afrika Mashariki, hasa kwa Land Rover za petroli ambazo zimefungwa injini za dizeli za Isuzu, Nissan au Toyota.

Kwa wakazi wa Arua na Koboko suala hili lina uzito wake. Barabara inayotoka Vurra, mpakani mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inapita Arua na Koboko hadi Oraba, mpakani mwa Sudan Kusini, na ina urefu wa kilomita 92. Gari linalofanya kazi katika njia hiyo hubeba watu na mizigo, huvuka mipaka, na hutumia mafuta yanayotoka sehemu mbalimbali. Uamuzi wa kubadili injini unagusa mfuko wa mwenye gari, usalama wa abiria, na uhalali wa gari lenyewe mbele ya sheria.

Tofauti ya injini mbili

Katika injini ya petroli, hewa na mafuta huchanganywa, hugandamizwa, kisha huwashwa kwa cheche ya plagi. Katika injini ya dizeli hakuna cheche. Hewa peke yake hugandamizwa kwa nguvu nyingi hadi ikawa moto mkali, ndipo mafuta yanaporushwa ndani kwa nozeli na kuwaka yenyewe. Injini nyingi za petroli za zamani hugandamiza hewa hadi sehemu moja ya nane au ya tisa ya ujazo wake. Injini za dizeli hufikia sehemu moja ya kumi na sita hadi ya ishirini na zaidi.

Ugandamizaji huo ndio asili ya faida na gharama zake. Faida ya kwanza ni kwamba mafuta hutumika vizuri zaidi, na lita moja ya dizeli hubeba nishati nyingi kidogo kuliko lita moja ya petroli. Faida ya pili ni nguvu ya kuvuta injini ikiwa katika mzunguko mdogo, jambo linalolifaa gari lenye mzigo mlimani au kwenye tope. Gharama yake ni kwamba kila kiungo cha injini hiyo lazima kiwe kinene na kizito ili kistahimili shinikizo. Uzito huo ndio unaomletea fundi matatizo mengi anapoihamishia katika gari ambalo halikuundwa kuibeba.

Historia: kutoka Indiana hadi Havana

Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani, alifanikiwa kuendesha injini yake mjini Augsburg mwaka 1897. Kwa miaka mingi injini hizo zilitumika viwandani na katika vyombo vya majini, kwa kuwa zilikuwa kubwa mno kwa gari dogo. Aliyeuonyesha umma wa Marekani kwamba jambo hilo linawezekana ni Clessie Cummins, mtengenezaji wa injini kutoka mji wa Columbus, jimbo la Indiana. Mwishoni mwa mwaka 1929 alifunga injini ya dizeli iliyoundwa kwa ajili ya mashua ndani ya gari la kifahari aina ya Packard. Januari 1930 aliliendesha kutoka Indiana hadi New York, mwendo wa karibu kilomita 1,300, kwa mafuta yaliyogharimu dola moja na senti 38. Mwaka uliofuata gari la mashindano lenye injini ya Cummins lilimaliza maili 500 za Indianapolis bila kusimama hata mara moja.

Hata hivyo, historia ya dizeli katika magari ya Kimarekani ina onyo pia. Kuanzia mwaka 1978 kampuni ya General Motors iliuza magari ya Oldsmobile yenye injini ya dizeli ya lita 5.7, iliyotokana na muundo wa injini ya petroli. Kiwiliwili cha injini kiliimarishwa, lakini mpangilio wa bolti za silinda hedi uliachwa kama ulivyokuwa. Bolti zikavutika kwa shinikizo, gasketi zikaungua, na maji yakaingia kwenye silinda. Zaidi ya hayo, magari hayo yalitoka kiwandani bila kichujio cha kutenganisha maji na mafuta, hivyo pampu nyingi zikaharibika kwa kutu. Mwaka 1985 injini hiyo iliachwa. Ikiwa kiwanda kikubwa chenye wahandisi wengi kilijikwaa kwa kudharau mambo mawili hayo, fundi wa gereji ana sababu ya kuyatazama kwa makini zaidi.

Nchi ambayo imefanya kazi hii kuwa desturi ya kila siku ni Cuba. Kabla ya mapinduzi ya mwaka 1959, kisiwa hicho kilinunua magari mengi ya Chevrolet, Ford, Buick, Plymouth na Dodge. Marekani ilipofunga biashara na Cuba mwanzoni mwa miaka ya 1960, magari hayo yalikosa spea. Baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika mwaka 1991, mafuta nayo yakawa adimu. Mafundi wa Havana wakang'oa injini kubwa za petroli zenye silinda nane na kufunga za dizeli kutoka magari ya Kijapani, ya Kikorea na ya Ulaya, na hata kutoka mashine za kazi. Makadirio yanayotajwa mara nyingi yanasema magari ya Kimarekani yaliyosalia Cuba ni takriban 60,000, na mengi hufanya kazi ya teksi za abiria wengi katika njia maalumu. Kwa nje ni magari ya miaka ya 1950, lakini chini ya boneti mara nyingi kuna injini ya nchi nyingine na ya kizazi kingine.

Uganda nayo ilionja uhaba wa namna hiyo, ingawa kwa muda mfupi zaidi. Kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972 kulivunja sehemu kubwa ya biashara ya magari na spea. Oktoba 1978 Marekani ilipiga marufuku biashara na Uganda, marufuku iliyoondolewa mwaka 1979 baada ya utawala wa Idi Amin kuanguka. Kisha vita viliwalazimisha wakazi wengi wa West Nile kukimbilia Zaire na Sudan. Mwenye gari katika mazingira kama hayo hutumia kinachopatikana.

Kuchagua injini

Swali la kwanza ni ukubwa na uzito. Injini maarufu ya Chevrolet ya petroli yenye silinda nane huwa na uzito wa takriban kilo 260. Injini ya Cummins ya dizeli yenye silinda nne na ujazo wa lita 3.9, ambayo Wamarekani wengi huitumia kwa mabadiliko haya, ina takriban kilo 340. Ndugu yake mwenye silinda sita na lita 5.9 hukaribia kilo 500. Gari linaloongezewa kilo 80 au 240 mbele ya ekseli ya mbele huinamisha pua, hula matairi, na usukani wake huwa mzito. Kwa hiyo springi na shokomzoba za mbele lazima zibadilishwe pamoja na injini.

Swali la pili ni mfumo wa kurusha mafuta. Injini za zamani, kama ile ya Toyota ya lita 4.2 iitwayo 1HZ, iliyofungwa katika Land Cruiser nyingi za mashirika ya misaada, hutumia pampu ya nozeli inayofanya kazi kwa chuma na mafuta tu. Fundi mwenye vifaa vya kawaida anaweza kuifungua, kuirekebisha na kuifunga. Injini nyingi zilizotengenezwa baada ya mwaka 2000 huongozwa na kompyuta na hurusha mafuta kwa shinikizo kubwa sana. Hizo ni nyepesi na zina nguvu zaidi, lakini hudai nyaya zote, vihisio vyote na kompyuta yake, na hazivumilii mafuta machafu. Kwa gari litakalofanya kazi mbali na gereji yenye vipimo vya kielektroniki, injini ya mfumo wa zamani ni salama zaidi.

Swali la tatu ni hali ya injini yenyewe. Injini iliyotumika inafaa isikilizwe ikiwaka kutoka baridi, ipimwe mgandamizo wa kila silinda, na itazamwe kama inatoa moshi wa bluu, ambao ni dalili ya oili kuungua. Injini iliyooshwa na kupakwa rangi inapendeza machoni, lakini rangi haisemi lolote kuhusu pistoni.

Kazi yenyewe

Injini inapopatikana, ni bora ije pamoja na giaboksi yake, klachi yake na flaiwili yake. Kuunganisha injini ya kampuni moja na giaboksi ya kampuni nyingine huhitaji bamba la chuma lililochongwa kwa usahihi mkubwa. Kosa dogo la mstari huharibu bearingi na klachi ndani ya miezi michache. Giaboksi ikibadilika, propela shafti hukatwa au kurefushwa, kisha lazima isawazishwe ili isitikise gari.

Vishikio vya injini, yaani maunti, huchomelewa kwenye chesisi. Injini ya dizeli hutetemeka kuliko ya petroli, hivyo mpira wa maunti unapaswa kuwa wa injini hiyohiyo na si wa ile iliyotolewa. Fundi huangalia pia kama sampu, yaani bakuli la oili, inagusa ekseli ya mbele gari linapopita shimoni, na kama bomba la ekzosi limepita mbali na usukani, mabomba ya breki na mabomba ya mafuta. Suala la usukani lina maana ya pekee eneo hili, kwa sababu Uganda huendesha upande wa kushoto ilhali Kongo na Sudan Kusini huendesha upande wa kulia. Injini iliyokaa vizuri katika gari lenye usukani wa upande mmoja inaweza kugongana na nguzo ya usukani katika gari la upande mwingine.

Injini ya dizeli haizunguki kwa kasi kama ya petroli. Nyingi za zamani hukoma karibu na mizunguko 4,000 kwa dakika. Ikiwa difu ya gari itaachwa vilevile, gari litakuwa na nguvu mlimani lakini litapiga kelele na kuchoka katika lami ndefu ya kuelekea Nebbi na Pakwach. Difu yenye uwiano mrefu zaidi, au giaboksi yenye gia ya tano, hutatua tatizo hilo.

Upande wa umeme, magari mengi ya Kimarekani yaliyotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1950 yalitumia volti 6, na yaliyofuata volti 12. Malori mengi ya dizeli hutumia volti 24. Stata na alternata lazima zilingane na betri, na nyaya ziwe nene za kutosha kubeba mkondo wa stata ya dizeli. Pia injini ya dizeli haizimiki kwa kukata umeme wa plagi, kwa kuwa haina plagi za cheche. Inahitaji vali ya umeme inayofunga mafuta au waya wa kuvuta kwa mkono. Gari lisilo na njia ya uhakika ya kuzima injini ni hatari kwa kila aliye karibu nalo.

Breki: jambo ambalo halionekani

Katika mabadiliko yote haya, linalosahauliwa kwa urahisi ndilo linaloweza kuua. Magari mengi ya petroli yana kisaidizi cha breki, ambacho mafundi hukiita busta. Kifaa hicho hufanya kazi kwa ombwe, yaani mvuto wa hewa unaotokea katika njia ya kuingizia hewa ya injini ya petroli. Injini nyingi za dizeli hazina kizuizi cha hewa katika njia hiyo, na kwa hiyo hazitengenezi ombwe. Zikifungwa bila pampu ya ombwe, busta hubaki kifaa kisicho na kazi. Dereva atakanyaga breki, nayo itakuwa ngumu kama jiwe.

Injini nyingi za dizeli za Kijapani zina pampu ndogo ya ombwe nyuma ya alternata. Mfanyabiashara anapouza injini bila alternata yake, au fundi anapofunga alternata nyingine ya bei nafuu, pampu hiyo hupotea. Mwenye gari anaweza kulipima jambo hili mwenyewe. Injini ikiwa imezimwa, akanyage breki mara kadhaa hadi iwe ngumu, aendelee kuikanyaga, kisha awashe injini. Pedali inapaswa kushuka kidogo chini ya mguu. Isiposhuka, busta haifanyi kazi.

Kwa magari ya zamani ambayo hayakuwa na busta kabisa, tatizo ni jingine. Breki za ngoma za magurudumu yote manne ziliundwa kwa uzito wa awali. Gari likiwa zito zaidi, breki hizo hupata joto upesi na kupoteza nguvu katika mteremko mrefu. Kubadili breki za mbele kuwa za diski ni sehemu ya gharama halisi ya kazi hii.

Mafuta ya mpakani

Kuanzia miaka ya 1980, Arua ilijulikana kwa vijana walioitwa OPEC Boys, waliouza kando ya barabara mafuta ya magendo katika jerikeni, mengi yakiwa yameletwa kutoka upande wa Kongo. Biashara hiyo iliwapa riziki vijana wengi waliorejea kutoka ukimbizini na ilijaza pengo pale vituo vya mafuta vilipokuwa vichache. Lakini mafuta ya jerikeni, popote yanapouzwa, yanaweza kuwa na maji, vumbi au mchanganyiko wa mafuta ya taa.

Injini ya petroli ya zamani huweza kukohoa na kuendelea. Pampu ya nozeli ya dizeli haina uvumilivu huo, kwa sababu vyuma vyake vya ndani hulainishwa na dizeli yenyewe. Mafuta ya taa ni mepesi na hulainisha vibaya, na maji huleta kutu. Ndiyo maana gari linalobadilishwa linapaswa kuoshwa tenki lake kabisa, kuwekewa bomba la kurudisha mafuta yanayobaki, na kufungwa kichujio chenye kikombe cha kutenganisha maji. Kikombe hicho kifunguliwe na kumwagwa mara kwa mara.

Hesabu ya faida

Mfano unaweza kusaidia. Tuseme gari la petroli linatumia lita 18 kwa kilomita 100, na baada ya kubadilishwa linatumia lita 12. Kutoka Arua hadi Koboko ni takriban kilomita 55, hivyo safari ya kwenda na kurudi ni kilomita 110. Akiba yake ni karibu lita sita na nusu. Ikiwa injini, giaboksi, springi, breki na ufundi vyote vimegharimu thamani ya lita 1,500 za mafuta, gari litahitaji safari kama 230 ili kurudisha gharama hiyo, endapo bei ya dizeli na petroli zinalingana. Gari linalosafiri kila siku linaweza kufika hapo ndani ya mwaka mmoja. Gari linalotoka mwishoni mwa juma tu litahitaji zaidi ya miaka minne. Bei ya dizeli ikipanda juu ya petroli, muda huo hurefuka zaidi.

Sheria na karatasi

Tangu sheria ya usalama barabarani ya Uganda iliporekebishwa mwaka 2018, magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa hayaruhusiwi kuingizwa nchini. Hatua hiyo inayafanya magari ya zamani yaliyomo tayari kuwa na thamani zaidi kwa wenyewe, na kuongeza hamu ya kuyafufua.

Kitabu cha usajili wa gari huonyesha namba ya chesisi na namba ya injini. Injini ikibadilishwa, namba ya pili haitalingana tena na kitabu, na aina ya mafuta iliyoandikwa pia itakuwa si sahihi. Mwenye gari anapaswa kutoa taarifa kwa mamlaka ya usajili na kurekebisha maelezo hayo. Ili afanye hivyo, anahitaji risiti ya ununuzi na uthibitisho kwamba injini iliingizwa au ilitolewa katika gari jingine kihalali. Injini isiyo na karatasi inaweza kuwa imetoka katika gari lililoibwa, na aliyeinunua kwa nia njema ndiye atakayesimama mbele ya polisi kujieleza. Namba isiyolingana pia inaweza kumzuia mtu mpakani Vurra au Oraba akiwa na mzigo unaoharibika.

Bima ya kuwafidia watu wengine ni ya lazima nchini Uganda. Mabadiliko makubwa ambayo kampuni ya bima haikuelezwa yanaweza kuwa chanzo cha mabishano baada ya ajali, wakati ambao mwenye gari ana haja kubwa zaidi ya bima hiyo.

Afya ya walio ndani

Mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Katika gari lililobadilishwa injini, matundu yaliyotobolewa kupitisha nyaya, waya wa kuzimia na mkono wa gia huweza kuruhusu moshi kuingia kwa abiria. Kila tundu lizibwe kwa mpira, na ekzosi ifike nyuma kabisa ya bodi.

Yanayofaa kukubaliwa kabla ya kazi

Kabla ya kutoa fedha, mwenye gari na fundi wakubaliane kwa maandishi mambo haya: injini ni ipi na namba yake ni ipi, giaboksi, alternata na pampu ya ombwe zimo katika bei au hazimo, springi na breki zitabadilishwa au zitaachwa, nani atashughulikia mabadiliko ya usajili, na gari litajaribiwa kwa umbali gani, likiwa na mzigo, kabla ya malipo ya mwisho. Bei inayotaja injini peke yake ni sehemu tu ya bei ya kazi hii. Springi, breki, vichujio na karatasi huachwa kwa urahisi fedha zinapopungua, na hizo ndizo zinazoamua kama gari litarudi barabarani salama na kihalali.